UZI: Cheti cha Kidato cha Nne kilitoka wapi, na kwa nini kila mkutano wa siasa unakigombania

1. Mwezi jana nilikuwa nyumbani Makueni kwa matanga ya jirani. Waheshimiwa wawili walikuja. Wa kwanza akashika kipaza sauti akasema elimu ya siku hizi ni takataka, turudishe ile ya zamani. Watu wakapiga makofi. Wa pili akasema ile ya zamani ndiyo iliyotuharibia watoto. Watu wale wale wakapiga makofi tena. Mimi nimekaa hapo kwa kiti cha plastiki najiuliza: zamani gani sasa? Maana hii nchi ina zamani kama nne hivi. Uzi huu ni wa kuzitenganisha moja moja. Sitaji mwanasiasa wala chama. Shika chai, ni mrefu.

2. Kwanza nijitambulishe. Nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu. Baba ni wa Makueni, mama ni wa Kitui. Kwa umau, yaani babu yetu, kuna sanduku la bati chini ya kitanda, na humo ndimo vyeti vya ukoo wote vinakaa, pamoja na hati ya shamba. Juzi niliomba ruhusa nikavipanga kwa miaka. Kila kizazi kina cheti chenye jina tofauti! Umau ana KAPE. Baba mkubwa ana KCE na KACE. Baba ana KCPE na KCSE. Mimi KCSE. Dadangu mdogo ana karatasi ya KJSEA. Familia moja, mifumo minne. Nitawaeleza historia nikifuata hilo sanduku.

3. Tuanze na mkoloni. Shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu, za Waafrika. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika Mashariki, na ushauri wake ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ifungamane na kilimo na kazi za mikono. Machakos tayari ilikuwa na shule ya serikali tangu 1915, na ufundi ndio uliotiliwa mkazo. Sekondari kamili kwa Mwafrika ilikuwa kama tundu la sindano. Alliance ilifunguliwa 1926, na kijana wa Kitui aliyetaka kufika huko ilibidi awashinde wenzake wa nchi nzima.

Kumbuka hilo neno "kazi za mikono." Litarudi mara mbili kwa huu uzi.

4. Mwaka 1949 ikaja ripoti ya Beecher. Hiyo ndiyo iliyopanga masomo ya Mwafrika kwa vipande: miaka minne ya msingi, minne ya kati, minne ya sekondari. Na kila kipande kina chujio lake. Ukimaliza darasa la nne, mtihani. Darasa la nane, KAPE. Kidato cha Nne, mtihani wa Cambridge. Nia haikuwa kupima umejua nini. Nia ilikuwa kuamua nani ashuke kwa gari.

Umau alipasi KAPE mwishoni mwa miaka ya 50. Alipasi vizuri. Lakini nafasi ya sekondari ilikosekana, na karo pia. Akaenda kutafuta kibarua cha reli Makindu. Hadi leo ukimuuliza alifika wapi kimasomo, hasemi "darasa la nane." Anasema, "Nilipasi." Nimeanza kuelewa kwa nini.

5. Wachache waliofika Kidato cha Nne waliandika karatasi iliyosimamiwa kutoka Uingereza. Cheti chenyewe kilitolewa kwa divisheni: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pointi zilihesabiwa kinyume na tulivyozoea leo, zikiwa chache ndivyo bora. Masomo sita bora, kila moja ukipata 1, jumla 6. Ndiyo maana mzee akikwambia kwa kiburi, "Mimi nilikuwa na pointi sita," usimcheke. Alikuwa kileleni. Wenzetu wa Tanzania bado wanatumia divisheni mpaka leo.

6. Uhuru. Mwaka 1963 Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi takriban 30,000. Nchi nzima! Tume ya Ominde ya 1964 ikapewa kazi ya kuunganisha shule zilizotengwa kwa rangi ziwe mfumo mmoja wa taifa. Tukapata 7-4-2-3: msingi miaka saba, sekondari minne, kidato cha tano na sita, kisha chuo kikuu miaka mitatu. KAPE ikapoteza lile neno la "African," ikawa KPE, kisha CPE.

Hii ndiyo "zamani" ambayo wazee wengi wanaililia kwenye matanga. Ishike hapo.

7. Sasa shida. Shule za msingi zilifurika, sekondari zikabaki chache. Watoto wanapasi CPE na hakuna pa kwenda. Serikali haina pesa. Wazazi wa Ukambani wakafanya walichojua kufanya: mwethya. Vikundi vile vile vilivyochimba matuta na mabwawa vikafyatua matofali ya shule. Huyu analeta mbuzi, yule siku mbili za kubeba mchanga kutoka mtoni. Hizo ndizo shule za harambee, na ukizunguka Kitui na Makueni leo, shule nyingi unazoziona zilianza hivyo.

Lakini elewa kilichotokea hapo kisiasa. Mtoto aliyepasi zaidi alienda shule iliyosaidiwa na serikali, yenye walimu waliofuzu na karo nafuu. Aliyepasi kidogo alienda harambee, ambako mzazi alijenga darasa kwa mikono yake na bado akalipa karo kubwa zaidi, mtoto afundishwe na kijana aliyemaliza Kidato cha Nne jana. Wengi wa hao waliandika KJSE wakiwa Kidato cha Pili, angalau watoke na karatasi fulani. Wote waliitwa wanafunzi wa sekondari. Mtihani mmoja, barabara mbili.

8. Na wasichana? Susu, nyanya yangu wa Kitui, alipasi CPE. Karo ya harambee iliyokuwepo ilitosha mtoto mmoja, akaenda kaka yake. Susu hana uchungu akisimulia, anasimulia kama mtu anayetaja mvua ya mwaka fulani. Mimi ndiye niliyekuwa na uchungu. Cheti chake hakiko kwa sanduku. Anasema alikitumia kufungia mbegu.

9. Upande wa mitihani, mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zikaunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Cheti cha Cambridge kikabadilika kikawa cha Afrika Mashariki, EACE. Fikiria: mtoto wa Mwingi, wa Mbale na wa Mwanza, cheti kimoja. Haikudumu. Tanzania ilijitoa mwanzoni mwa miaka ya 70 na 1973 ikaanzisha baraza lake. Jumuiya yenyewe ikavunjika 1977. Mwaka 1980 Kenya ikaanzisha KNEC, na mtihani wa Kidato cha Nne ukaitwa KCE, wa Kidato cha Sita KACE.

Kwa hiyo ukiona mtu mtandaoni anacheka cheti cha mheshimiwa eti "EACE ni nini, hii ni feki," jua kwamba hajui historia. Vyeti feki vipo na ni tatizo kubwa, lakini jina geni kwako si ushahidi.

10. Kwa nini basi tukaacha huo mfumo ambao wazee wanausifu? Kwa sababu ulikuwa unazalisha watoto wenye karatasi na wasio na kazi. Malalamiko yalianza mapema sana. Mwaka 1966 baraza la makanisa lilitoa ripoti likiuliza mtoto aliyemaliza darasa la saba aende wapi. Humo ndimo lilimotoka wazo la vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani likaleta ujumbe wake, nao ukasema karibu yale yale: shule zinafundisha watu kusubiri kazi za ofisi ambazo hazipo.

Kwa hivyo wakati mwingine mtu akikwambia "zamani ukimaliza shule ulipata kazi," mwambie miaka mitatu tu baada ya uhuru watu walikuwa tayari wanalia.

11. Mwaka 1981 tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilipewa kazi ya kuchunguza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili. Chuo hicho kilikuja kufunguliwa Eldoret 1984. Lakini ripoti hiyo hiyo ya chuo kikuu ndiyo iliyopendekeza mfumo mzima wa elimu ubadilike: msingi minane, sekondari minne, chuo kikuu minne. 8-4-4. Vidato vya tano na sita viondoke. Na katika shule za msingi na sekondari, masomo ya ufundi yaongezwe ili mtoto akitoka aweze kujiajiri.

Umeona? Kazi za mikono zimerudi. Wazee walioikumbuka elimu ya mkoloni walishtuka. Wengine waliuliza waziwazi kama watoto wa wakubwa nao watapewa randa na msumeno.

12. Sasa ingia nyumbani kwetu, 1984. Baba yuko darasa la saba. Anajiandaa kwa CPE. Ghafla wanaambiwa mwaka huu hakuna mtihani, Januari mnaingia darasa la nane. Darasa la nane liko wapi? Halipo! Mjenge.

Na tafadhali kumbuka Ukambani ilikuwa katika hali gani. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 80 wazee waliupa jina Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika pesa, kwa sababu hata mwenye hela hakuona chakula cha kununua. Wazazi wakitoka kwenye hiyo njaa wakaambiwa wachange wajenge darasa la nane, halafu karakana ya useremala, halafu chumba cha sayansikimu. Mwethya tena. Umau aliuza ng'ombe wawili waliokuwa wamebaki.

13. Baba aliandika KCPE ya kwanza kabisa, 1985. Kwa kuwa mwaka uliopita hakukuwa na CPE, mwaka huo wa 1985 hakuna mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza nchi nzima. Baba akaingia 1986, akaandika KCSE ya kwanza 1989.

Baba mkubwa alikuwa mbele yake mwaka mmoja tu. CPE ya mwisho 1983, KCE ya mwisho 1987, KACE ya mwisho... 1989. Umeelewa? Ndugu wawili, wa mifumo miwili, wamemaliza mwaka mmoja. Mwaka 1990 vyuo vikuu vilipokea makundi yote mawili. Baba mkubwa alipata nafasi. Baba alikuwa na C, hakupata. Miaka 35 baadaye hawa wazee bado wanabishana kila Krismasi nani alisoma masomo magumu. Baba mkubwa huanza na "Sisi tuliosoma..." na baba hutoka nje kuangalia mbuzi.

14. Na ile karakana? Baba anasema ilijengwa, ikapigwa picha, ikafungwa kufuli. Vifaa havikuja vya kutosha. Mwalimu wa useremala alichora randa ubaoni kwa chaki akawaonyesha sehemu zake. Baba alipata alama nzuri sana katika useremala kwenye karatasi, na hakuwahi kupiga randa ubao hata mmoja. Leo ni seremala kweli, ana kibanda Wote. Lakini alijifunza sokoni, kwa mzee ambaye hakusoma hata darasa la tatu.

Hilo ndilo somo langu kubwa kuhusu 8-4-4. Wazo la ufundi halikuwa baya. Lilifeli pale lilipokabidhiwa mzazi maskini alijengee na kulinunulia vifaa. Mwaka 1988, kwa ripoti ya Kamunge, kuchangia gharama kukawa sera rasmi. Taratibu masomo ya ufundi yakapunguzwa, mtihani ukapunguzwa, na 8-4-4 ikabaki kuwa kile ilichosema itaondoa: kukariri ili upasi.

15. Tueleze KCSE yenyewe, maana watu wengi wanaibishania bila kujua inavyohesabiwa. Gredi ziko 12. A ni pointi 12, E ni pointi 1. Zinajumlishwa za masomo saba, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 84. C+ ya wastani ni kuanzia pointi 46. Mimi nilipata B-. Kwa miaka mingi masomo ya lazima kwenye hesabu hiyo yalikuwa Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, sayansi mbili, halafu mengine. Kuanzia mtihani wa 2023 wakalegeza: Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi.

Kwa hivyo hata KCSE ya 2022 na ya 2023 huwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Sembuse Divisheni ya Kwanza ya 1975 na A- ya leo. Mzee akisema A za leo ni za bure, na kijana akisema divisheni zenu zilikuwa rahisi, wote wawili wanalinganisha debe na mita.

16. Mfano mzuri ni 2015 na 2016. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A. Udanganyifu ulikuwa umeenea, matokeo ya maelfu yakafutwa, na Machi 2016 bodi ya KNEC ikavunjwa. Makontena ya mitihani yakawekewa ulinzi mkali. Matokeo ya 2016: A 141. Nchi nzima!

Kwenye mikutano ya siasa wengine walisema hii inaonyesha watoto wetu walikuwa wanaiba tu. Wengine walisema watoto wameonewa, alama zimepangwa upya. Mimi nawaomba muone jambo la tatu: cheti cha taifa ni ahadi. Serikali inasema C+ ya Mutomo na C+ ya Nairobi ni kitu kimoja. Karatasi ikivuja, anayeumia kwanza ni mtoto wa Mutomo aliyesoma kwa koroboi, kwa sababu hana pesa za kununua karatasi, na sasa hata B yake halali inashukiwa.

17. Karo. Mwaka 2008 masomo ya sekondari za kutwa yakafanywa bila malipo ya mafunzo. Tangu 2018 kiwango kilichowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Hapo ndipo pia ilipoanza sera ya kila aliyemaliza KCPE kuingia sekondari. Kwa mara ya kwanza tangu Beecher, lile chujio la darasa la nane lilifunguliwa wazi.

Mimi niliingia Kidato cha Kwanza Januari 2019. Bweni lililokuwa la watu 60 tulilala zaidi ya 100. Maabara moja. Mwaka wa pili ikaja korona, shule zikafungwa Machi 2020, tukarudi tukakimbizwa mihula hadi KCSE ya 2022. Sisemi haya kulalamika. Nasema kwa sababu mtu anaweza kufungua mlango na asiongeze viti. Na yule mtoto ambaye zamani angebaki nyumbani, kama susu, alikuwa amekaa nami dawati moja. Sera hiyo ilikuwa na sura mbili, na mwanasiasa akikuonyesha moja tu, muulize nyingine.

18. Mwaka wetu tulikuwa watahiniwa zaidi ya 880,000, vituo zaidi ya 10,000. Linganisha na zile shule 151. Waliopata C+ na zaidi ni takriban 173,000, karibu mmoja kati ya watano. Mwaka 2024 waliongezeka wakawa takriban 246,000, robo hivi ya watahiniwa wote.

Sasa geuza hesabu. Robo tatu wako chini ya C+. Mwaka 2023 waliopata E walikuwa zaidi ya 48,000. Chujio halikuondoka, lilisogezwa tu kutoka darasa la nane hadi Kidato cha Nne. C+ ndiyo iliyokuwa KAPE ya kizazi changu. Na chini yake kuna chujio jingine: matangazo ya makurutu wa polisi kwa kawaida hutaka D+. Rafiki yangu wa Ikutha ana D. Ana miguu ya kukimbia na akili ya kutosha. Karatasi inasema hapana.

Kufeli ni neno ambalo nchi imelipa maana pana mno. Cheti chenye D hakisemi mtu ni bure. Kinasema siku fulani, katika masomo saba, alipata pointi fulani. Kuna kozi za diploma, cheti na ufundi zinazompokea. Tatizo ni sisi wenyewe tunamwangusha kabla hajaomba nafasi.

19. Tukifika CBC. Watu wanasema iliibuka usiku mmoja. Si kweli. Tume ya Koech ya 1999 tayari ilikuwa imependekeza 8-4-4 iondolewe, ripoti ikawekwa kabatini. Mjadala ukarudi baada ya Katiba ya 2010. Januari 2019 mtaala mpya ukaanza rasmi kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3. Mpango ni 2-6-3-3-3. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023. Watoto wa hiyo KCPE wako Kidato cha Tatu sasa, na KCSE ya mwisho imepangwa 2027. Binamu yangu ni mmoja wao. Kama baba mkubwa alivyofunga KCE, huyu atafunga KCSE. Tukimtania hivyo anakasirika, kwa sababu anauliza swali la maana: akikosa gredi anayotaka, atarudia mtihani gani?

20. Dadangu ni wa kundi la kwanza la CBC. Gredi ya 3 mwaka 2019, KPSEA ya kwanza 2022, KJSEA ya kwanza 2025, na Januari mwaka huu Gredi ya 10. Safari yao haina A wala divisheni. Kuna viwango vinane kwa kila somo, pointi 8 hadi 1. Na alama ya kupangiwa sekondari ya juu haikutokana na mtihani mmoja: KPSEA asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, KJSEA asilimia 60. Halafu njia tatu za kuchagua: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo.

Kwa karatasi ni mfumo wa haki zaidi kuliko wote kwa sanduku la umau. Haumwangushi mtoto kwa asubuhi moja mbaya.

21. Lakini. Dada alichagua sayansi, anataka uhandisi. Alipata pointi zake. Shule aliyopangiwa ni ya kutwa, ina chumba kimoja kinachoitwa maabara, na mwalimu mmoja wa fizikia anayegawanywa kama mboga. Jioni moja alimuuliza baba vile seremala hutumia vipimo vya pembe, baba akamchukua kibandani akamwonyesha. Nikawatazama nikakumbuka randa ya chaki ubaoni. Miaka 40! Serikali imebadilisha jina la cheti mara kadhaa, na bado mtoto wa Makueni anafundishwa kifaa ambacho shule haina.

22. Ukipanga historia yote hii, utaona mambo matatu yanayojirudia.

Moja: kila mabadiliko yalianza na kilio cha ajira, na mfumo wa elimu ukalaumiwa kwa kazi ambazo uchumi haukuzitoa.

Mbili: kila mabadiliko yalitangazwa kabla ya vifaa na walimu, na pengo likazibwa na mzazi wa kijijini. Mwethya wa harambee, ng'ombe wa karakana, leo ni karatasi za manila, vifaa vya kuchapisha na data ya simu.

Tatu: mtihani ni mmoja kwa wote, barabara za kuufikia ni nyingi na hazilingani.

23. Sasa sehemu ya masomo yangu: nani anahusika? Hapa ndipo tunadanganywa sana. Kwa Katiba, kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari, mtaala na mitihani ni ya serikali ya kitaifa. Mtaala hutengenezwa na KICD. Mtihani ni KNEC. Kuajiri na kusambaza walimu ni TSC. Kupanga vyuo ni KUCCPS. Mbunge ana CDF, ambayo inaweza kujenga darasa na kutoa basari. Na Ibara ya 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Si zawadi ya mtu.

Kwa hivyo mgombea ugavana akikuahidi kubadilisha CBC, anakuahidi ng'ombe wa jirani. Muulize kuhusu vyuo vya ufundi, hivyo ni vyake. Mbunge akilaumu kaunti kwa maabara ya sekondari, mkumbushe kikatiba sekondari iko upande wake.

24. Maswali ya kubeba ukienda mkutanoni. Yaandike kwa simu:
- Unaposema turudi zamani, zamani ipi? Ya shule 151, ya harambee, au ya karakana zenye kufuli?
- Shule za kutwa za wadi hii, ngapi zina maabara na walimu wa sayansi kamili?
- Wanaoandika KCSE ya mwisho 2027 wakitaka kurudia, mpango uko wapi?
- Aliyepata D, kaunti imemwandalia nini katika chuo cha ufundi kilicho karibu?
- Mara hii nani analipa? Akisema "wazazi washirikiane," jua jibu umepata.

25. Nilipomaliza kupanga vyeti nikavirudisha kwa sanduku. Umau alinizuia kidogo, akachukua KAPE yake, akaitazama. Karatasi imekuwa ya rangi ya chai, mikunjo imetoboka. Akaniuliza ya dada iko wapi. Nikampa ile ya KJSEA. Hasomi vizuri siku hizi, macho. Akauliza swali moja tu: "Na huyu, nafasi ipo?"

Sikujua nimjibu nini. Cheti anacho. Nafasi ndiyo tunaitafuta tangu 1949.

Kama mna vyeti vya zamani nyumbani, waulizeni wazee wenu hadithi zake kabla hawajaenda nazo. Na mkinikosoa, nikosoeni kwa tarehe, si kwa chama.